Mguu wa Upande wa Chini

Koplo alifika kidato cha pili, akasita, kisha akarudi chini kwa uangalifu wa mtu anayetoka kwenye chumba alicholala mtoto.

"Afande, mimi nina mke," alisema. "Ngazi hii si ya kupandwa. Ni ya kupigwa picha tu."

Inspekta hakucheka. Alisogea, akaishika ngazi kwa mkono mmoja na kuisukuma kidogo. Ilicheza, ikapinda kuelekea kulia, ikagota kwenye mfereji wa maji ya paa na kubaki hapo, imeinama kama mtu aliyebeba ndoo nzito kwa mkono mmoja.

Walikuwa wameisimamisha kama ilivyoonekana kwenye picha iliyopigwa juzi na konstebo aliyefika wa kwanza: imeegemea ukuta wa magharibi wa nyumba ya muuza mbao, mguu wa kulia umekalia matofali mawili yaliyopandana. Nyumba ilijengwa kwenye mwinuko. Ua wa nyuma ulikuwa juu, barabara ilikuwa chini, na kuta zake mbili za ubavuni zilifuata mteremko huo. Ukisimama ukiutazama ukuta wa magharibi, ardhi inashuka kwenda kulia kwako.

Chini ya ngazi hiyo ndipo alipokutwa mpaka rangi, amelala chali, fuvu limepasuka nyuma ya sikio. Watu walimwita Twiga kwa urefu wake, na mafundi wenzake walikuwa hawachoki kumuuliza twiga anataka ngazi ya nini. Mtu wa kumshikia ngazi alikuwa mdogo wa mke wake. Yeye hakuwa na jina lingine kazini zaidi ya Shemeji, na hata askari wa zamu, tangu walipomfungia selo, walikuwa wakimwita hivyo hivyo.

Maelezo yalikuwa mawili na yalikubaliana. Muuza mbao alisema kwamba asubuhi aliwasikia wawili hao wakifokeana, na baadaye, akiwa dirishani, alimwona Shemeji akiitikisa ngazi kwa hasira hadi mwenzake akaanguka. Shemeji alikana hasira akakubali mengine yote: ndiyo, alikuwa ameishika ngazi, ikamponyoka. Kwa ndugu wa marehemu hapo hapakuwa na la kuongeza. Mazishi yalikuwa jioni ya siku hiyo, nao walikwisha kutoa neno kwamba Shemeji asionekane makaburini, awe amefungwa au ameachiwa. Jalada lilikuwa mezani kwa Inspekta. Kabla ya jioni lilitakiwa ama liende kwa mwendesha mashtaka likiwa na neno "mauaji", ama lisiende.

Kilichomtoa Inspekta ofisini kurudi kwenye ukuta huu ni maneno ya mjane. Mwanamke huyo alikuja kituoni asubuhi, peke yake, na akakataa kukaa. Hakuja kumwombea mdogo wake. Alitaka kuambiwa kama ni kweli, ili ajue atamlilia mmoja au wawili. Inspekta alimwonyesha picha. Mjane aliitazama, akaweka kidole juu ya matofali.

"Haya ni ya nani?"

Inspekta alimwambia kwamba ndiyo yaliyoinua mguu wa ngazi.

"Dada, mume wangu hapandi kitu kilichokaa juu ya tofali. Alivunjika nyonga kwa tofali kabla hajanioa. Hata kitanda chetu alikataa tukiinue kwa matofali, tunalala chini kama wageni."

Basi Inspekta alikuwa hapa, anaitazama ngazi upya. Haikuwa ya dukani. Twiga aliitengeneza mwenyewe kwa miti miwili ya mbao ngumu na vidato bapa vilivyopigiliwa upande mmoja tu, upande wa mpandaji, kwa hiyo haikugeuzika: ukiigeuza, vidato vinatazama ukuta na uzito wako wote unaning'inia kwenye misumari. Chini ya mti wa kushoto palikuwa na kipande cha ziada, kimefungwa kwa bolti mbili, kinauzidi mti wa kulia kwa urefu wa shubiri na zaidi. Alipoukagua mti wa kulia aliona matundu mawili matupu, yamelainika ndani kwa kuingizwa na kutolewa bolti mara nyingi.

"Mguu mrefu uko upande wa juu wa mteremko," alisema.

Koplo aliinamisha kichwa kufuata ngazi. "Ndiyo maana inataka kuniua."

"Mtu anatengeneza mguu mrefu kwa ajili ya upande wa chini. Huyu aliuweka upande wa juu, kisha upande wa chini akaweka matofali anayoyaogopa." Aliuelekea ukuta, akapitisha kiganja juu yake. Ulikuwa mkavu, wa bluu ya zamani, haujaguswa na brashi wala skrepa. Chini, mahali ndoo ya rangi ilipoonekana pichani, hapakuwa na hata tone. "Ishushe. Tunarudi kituoni."

* * *

Vitu vya mtuhumiwa vilikuwa ndani ya bahasha kwenye kabati la zamu: mkanda, simu yenye kioo kilichopasuka, kitambaa chenye rangi, spana moja. Inspekta alichukua spana, akaenda nayo selo, akaiweka juu ya benchi kati yake na Shemeji. Shemeji alikuwa kijana mpana wa mabega, amekaa ameweka mikono mapajani, viganja vikitazama juu.

"Hii ya nini?"

"Ya mguu."

"Mguu upi?"

"Wa ngazi, afande. Ukihama ukuta, mteremko nao unageuka. Mguu mrefu lazima ukae chini. Kwa hiyo unafungua bolti, unauhamishia mti wa pili."

"Nani anauhamisha?"

"Mimi. Spana nakaa nayo mimi. Shemeji yangu ukimpa kitu kidogo anakipoteza. Alipoteza hata pete ya ndoa, dada akamnunulia nyingine." Alinyamaza, kama aliyekumbuka kwamba hadithi hiyo haina mtu wa kuichekea tena.

"Juzi uliuhamisha?"

Inspekta alimpa muda. Nje mtu alikuwa akifagia, na ufagio ulisikika ukienda na kurudi mara nyingi.

"Spana ilikutwa mfukoni mwako," alisema Inspekta. "Mguu ulikuwa kwenye mti wa kushoto. Kwa ukuta wa magharibi ni makosa. Ama wewe hujui kazi yako, ama ngazi hiyo haikusimamishwa na mtu wa kazi yenu. Umekuwa ukiishika kwa muda gani?"

"Tangu dada aolewe."

"Basi kazi unaijua. Nani aliisimamisha?"

"Sijui."

"Maelezo yako yanasema ulikuwa umeishika."

Shemeji aliitazama mikono yake. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya chini na bapa. Alisema hakuwepo. Walikuwa bado ukuta wa mashariki, Twiga yuko juu, ngazi imetulia. Mwenye nyumba akatoka, akamwambia akimbie duka la vifaa akalete brashi nyembamba ya pembeni mwa madirisha. Akaenda. Brashi ilipatikana mara moja. Lakini barazani mwa duka palikuwa na watu wanacheza drafti, na mmoja alikuwa anapoteza mchezo ambao hakustahili kuupoteza. Akasimama kutazama. Aliporudi aliukuta umati, na Twiga amelala upande wa magharibi.

"Nikajua amechoka kunisubiri. Amehama mwenyewe."

"Halafu ukasema ulikuwa umeishika."

"Kila asubuhi dada ananiambia, usiniachie huyu mtu ngazini. Kila asubuhi, afande, hata siku ambayo wamegombana." Aligeuza viganja vikatazama chini. "Afadhali ajue mikono ilinishinda kuliko ajue niliondoka."

Inspekta alikuwa amewahi kusikia watu wakidanganya ili watoke selo. Huyu alidanganya akaingia. Ni hapo alipoona jinsi maelezo mawili yalivyomghilibu konstebo: mmoja alisema uongo kwa aibu, mwingine alisema uongo ule ule kwa sababu isiyojulikana bado, na kwa kuwa ulifanana, ukapokelewa kama ushahidi.

"Na kufokeana asubuhi?"

"Aliniita mvivu. Mimi nikamwita twiga. Ndiyo salamu yetu."

Koplo alitumwa duka la vifaa. Alirudi akitabasamu, kisha akamwona mkuu wake na kuliondoa tabasamu. Wacheza drafti walimkumbuka Shemeji vizuri, kwa uchungu. Alisimama na brashi mkononi akimshauri aliyekuwa akipoteza, bila kuulizwa, hadi akashinda. Walikuwa bado wanaubishia mchezo huo kelele ziliposikika kutoka upande wa kilimani, na yeye akiwa katikati yao.

* * *

Ukuta wa mashariki ulikuwa umepakwa karibu wote, rangi ya maziwa, kazi safi. Ukisimama ukiutazama, hapa mteremko uliangukia kushoto. Inspekta hakuhitaji kumwagiza Koplo afanye nini. Koplo aliibeba, akakuta kwenye udongo alama mbili za miguu ya ngazi, ya kushoto imezama zaidi, akaitia humo. Ilikaa. Hakuweka jiwe wala kipande cha mbao. Alipanda hadi juu akasimama na mikono yake yote miwili ikiwa huru.

"Hapa hata chakula cha mchana naweza kula," alisema kutoka juu.

Lakini Inspekta alikuwa anatazama kitu kingine. Kutoka chini ya bati, ukishuka kwa mshazari hadi juu ya dirisha la pili, ulipita mstari mwembamba wa bluu ya zamani katikati ya rangi mpya. Ulikuwa umenyooka mno kuwa ufa, na mpaka rangi mwenye mkono ule asingeuacha kwa bahati mbaya. Kando yake palikuwa na matundu madogo ya misumari, yanapishana kwa nafasi sawa, na kwenye kingo zake chokaa ilikuwa bado nyeupe.

"Kulikuwa na waya hapa," alisema. "Alipaka rangi juu yake, kisha mtu akaung'oa rangi ikiwa haijakauka. Mbele yako, mkono wako wa kulia, kuna nini?"

"Pameungua, afande. Doa jeusi, kama kiganja. Na rola ilikuwa inapanda, halafu hapa imeteleza chini moja kwa moja." Sauti ya Koplo ilikuwa imepoteza mzaha. Alijinyoosha zaidi. "Chini ya bati kuna kipande kilichobaki. Kimekatwa. Kinaelekea kwenye nguzo ya umeme, na mita iko upande wa mbele. Huu haukupita kwenye mita."

Inspekta alikumbuka mstari mmoja wa ripoti ya daktari ambao yeye mwenyewe alikuwa ameupita kwa haraka: alama ya kuungua kiganja cha kulia, pengine kwa kemikali za kazi. Ulikuwepo mwingine, na huo hakuupita kwa haraka, ila hakujua auweke wapi. Marehemu hakufa papo hapo. Damu ilivuja taratibu ndani ya fuvu.

"Shuka," alisema. "Twende tukamsalimie mwenye nyumba."

* * *

Muuza mbao aliwapokea sebuleni, akawavutia viti mwenyewe. Alikuwa mtu mzima mwenye mikono mikubwa, amezoea kubeba magogo na kuheshimiwa. Alitoa pole kwa usumbufu, akauliza kama kijana yule amekwisha kufikishwa mahakamani.

"Mzee," alisema Inspekta, "siku ile ulisimama dirisha lipi?"

"Hilo hapo." Alionyesha la magharibi.

"Ukamwona Shemeji akiitikisa ngazi."

"Kwa macho yangu haya."

"Ulimtuma dukani kabla au baada ya hapo?"

Muuza mbao alifikiri. Alisema huenda alimtuma, hakumbuki, mambo yalikuwa mengi. Inspekta alimweleza, bila kupandisha sauti, mahali Shemeji alipokuwa na watu waliokuwa naye. Akamweleza pia habari ya mguu mrefu, taratibu, kama anayemfundisha mtu kufunga tai: kwamba hukaa upande wa chini, kwamba ukihama ukuta lazima uhamishwe kwa spana, na kwamba spana ilikuwa mfukoni mwa mtu aliyekuwa anatazama drafti.

"Kwa hiyo ngazi ile ilikuwa na ukuta mmoja tu wa kuweza kusimama siku ile. Wewe hukujua. Uliona mguu mmoja mrefu, ukadhani ni ubovu, ukatafuta matofali."

"Mimi ni muuza mbao, mama, nitashindwaje kuijua ngazi?"

"Unajua mbao. Ngazi hii ilikuwa ya mtu mmoja." Alisubiri. "Waya uko wapi?"

Mikono mikubwa ilijisogeza juu ya meza, ikatulia. Koplo, aliyekuwa mlangoni, alisema kwa upole kwamba wangeweza kuanza na ghala la mbao, na kwamba yeye hana haraka.

Muuza mbao aliusema mahali ulipo. Chini ya mbao za nyuma, umezungushwa. Baada ya hapo akasema mengine, kwanza kwa vipande, kisha kwa mfululizo wa mtu anayetaka kumaliza. Waya ulikuwepo kwa miaka. Palikuwa na kiungo kimoja amekifunga kwa mfuko wa plastiki, akitarajia kupata tepu. Hakumwambia mpaka rangi kwa sababu kumwambia mtu ni kuwaambia wote. Alisikia kishindo. Alipotoka, Twiga alikuwa chini na ngazi imesimama peke yake vile vile ilivyokuwa. Aliona watu wakija watatazama juu, wataona waya. Akaukata kwa koleo lenye mpira, akaung'oa. Kisha akaona ukuta wenyewe unasema, akaona bora wasije upande huo kabisa.

"Ukamhamisha."

"Nilimbeba begani. Kisha nikarudia ngazi, na ndoo, nikapiga kelele."

"Ulipotoka ukamkuta chini, alikuwa anapumua?"

"Alikuwa amekwisha kufa."

"Ulijuaje?"

"Alionekana."

"Ulimgusa shingo? Ulisikiliza kifua?"

"Hapana. Sikumgusa."

"Mzee," alisema Inspekta, "ulimbeba begani ukazunguka nyumba nzima. Ulimgusa."

Inspekta hakumwondolea macho.

"Zahanati iko chini ya barabara hii hii," aliendelea. "Daktari anasema aliishi kwa muda. Wa kutosha kuukata waya, kuung'oa, kumzungusha, kurudia ngazi, kurudia ndoo. Nakuuliza mara moja tu, na nitaandika utakavyojibu. Alipokuwa begani kwako, alisema kitu?"

Jibu lilielekezwa mezani.

"Alimwita shemeji yake. Alisema, shika."

Koplo aligeuka akatazama nje.

* * *

Mjane alikuwa amesimama kwenye lango la kituo, na hatua chache nyuma yake, amewapa mgongo, kaka mkubwa wa marehemu. Jua lilikuwa limekwisha kuvuka paa la kituo na gari la kubebea jeneza lilikuwa linangoja barabarani. Inspekta aliwaeleza wote wawili kwa pamoja, kwa mpangilio wa jinsi mambo yalivyotokea, asipunguze wala kuongeza. Alipofika kwenye waya, kaka mkubwa aligeuka. Alipofika kwenye kubebwa, mjane alishika nguzo ya lango. Neno la mwisho la marehemu alilisema pia, kwa kuwa lilikuwa lao.

Shemeji alitolewa, mkanda mkononi, akasimama mbali. Dada yake alimtazama, kisha akamgeukia Inspekta.

"Kwa hiyo aliondoka."

Ingekuwa rahisi kusema vingine. "Aliondoka," alisema Inspekta. "Alikwenda kutazama drafti. Angekuwepo, umeme ungempiga mumeo vile vile, na angeanguka vile vile. Lakini angefikishwa zahanati."

Shemeji alisikia.

"Na ngazi?" aliuliza mjane.

"Ngazi haikuteleza. Aliyefunga mguu asubuhi aliufunga sawasawa. Mume wako alipokuwa chini, ilikuwa bado imesimama."

Mjane alijifunga upya kanga kiunoni, akamwendea mdogo wake, akachukua mkanda kutoka mikononi mwake na kuupitisha kwenye suruali yake kitanzi kwa kitanzi, kama anavyovalishwa mtoto. Alipomaliza alizungumza na kaka mkubwa wa marehemu bila kumtazama.

"Makaburini ni mteremkoni," alisema. "Jeneza la mtu mrefu litalalia upande mmoja. Nani wa kwenu ana mabega kama haya?"

Kaka mkubwa alimtazama Shemeji, miguu hadi mabega. Alichukua muda wake. Kisha akaenda kufungua mlango wa nyuma wa gari.

"Utashika upande wa chini," alisema.